Mlolongo wa Bi Chura

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Nani huko nyuma ameitika na kiazi mdomoni? Meza kwanza. Na nyinyi watu wazima mliojiegemeza ukutani, itikeni, hadithi hii ina sehemu yenu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakichagua wakubwa wao, palikuwa na bonde. Katika bonde hilo palikuwa na chemchemi. Moja tu. Iliitwa Mikuyuni, kwa sababu mikuyu ilikuwa imeizunguka, mikubwa, mizizi yake imezama chini imeyashika maji. Kila mnyama alijua: penye mkuyu pana maji.

Katika chemchemi hiyo aliishi Bi Chura. Hakuwa na pembe. Hakuwa na meno ya kutisha. Mkia hana. Alikuwa na sauti, basi. Na mwaka huo alikuwa na watoto. Viluwiluwi! Weusi, tumbo na mkia tu, wanakwenda majini titi-titi-titi. Miguu bado haijaota. Nanyi mnajua, kiluwiluwi asiye na miguu, maji yakikauka, amekwisha. Hawezi kuruka, hawezi kutambaa, hana pa kwenda.

Sasa, Nyati aliyekuwa Mkuu wa Bonde alizeeka. Akasema, "Mimi basi. Chagueni mwingine." Wakajitokeza wawili. Wa kwanza Tembo, mkubwa, mwenye sauti nene. Wa pili Ngiri, mfupi, mwenye maneno matamu.

Na desturi ya kura katika bonde lile ilikuwa hivi. Mgombea anasimama. Anayemtaka anakwenda kujipanga nyuma ya mkia wake. Mwenye mlolongo mrefu ndiye Mkuu. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Lakini mlolongo hauhesabiwi mpaka mgombea mwenyewe asimame mbele yake. Lishikeni hilo, litatufaa.

Kampeni zikaanza. Tembo akasema, "Mtu kama mimi hawezi kuhutubia akiwa chini. Nataka jukwaa." Akaenda Mikuyuni. Akazungusha mkonga kwenye mkuyu, akavuta. Ng'waaa! Puu! Akazungusha tena. Ng'waaa! Puu! Akaiburuta hadi uwanjani, akajenga jukwaa.

Ngiri akasikia. "Jukwaa? Na mimi nataka. Tena refu zaidi, maana mimi ni mfupi." Naye akaenda Mikuyuni. Mkonga hana, ana pembe na pua. Akafukua mizizi ya mkuyu mkubwa kuliko yote. Kwaru, kwaru, kwaru. Puu! Mkuyu ukaangukia papo hapo kwenye jicho la chemchemi, pale maji yanapotokea ardhini. Ngiri akautazama. Mzito, hauvutiki. Akauacha umelala hapo, akachukua midogo midogo akaenda zake.

Kisha wakagawa chumvi. Tembo aligawa kipande kwa kila mnyama. Ngiri akagawa viwili. Eh, wanyama na chumvi! Walilamba, wakalamba, wakaimba jina la aliyewapa, wakavuka upande wa pili wakalamba ya mwingine, wakaimba na jina lake.

Huku Mikuyuni maji yalikuwa yakishuka. Jana yamefika kwenye jiwe jeupe. Leo jiwe jeupe limesimama peke yake, kavu. Bi Chura aliwatazama wanawe, akatazama lile jiwe. Akaondoka kwenda uwanjani. Chupu, chupu, chupu.

Akamkuta Tembo juu ya jukwaa.

"Wananchi wa Bonde!" alinguruma Tembo. "Mkinichagua mimi, nitaleta maji!"

Aliyasema hayo amesimama juu ya mikuyu. Mnacheka? Wao hawakucheka. Wao walipiga makofi.

"Mheshimiwa, samahani," akasema Bi Chura. "Nina swali."

"Nani anasema?"

"Mimi hapa. Tazama chini. Chini zaidi."

"Haya, uliza."

"Hiyo mikuyu uliyoikanyaga ndiyo iliyokuwa ikishika maji yetu. Sasa maji yanakauka. Hayo ya kutuletea utayatoa wapi?"

Tembo akapepea masikio. Kisha akacheka, akacheka mpaka jukwaa likalia kwe-kwe-kwe.

"Ndugu zangu, wahenga walisema nini? Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji!"

Lo! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Pundamilia alicheka akajigaragaza. Hata Kanga, jirani yake Bi Chura, aliyekuwa akinywa naye maji kila asubuhi, naye alicheka. Hilo ndilo lililomuuma.

Akaenda kwa Ngiri. Swali lile lile.

"Swali zuri sana, mama," akasema Ngiri. "Zuri mno. Tutaunda kamati. Baada ya uchaguzi."

Bi Chura akarudi kwake akalia. Chura akilia huwezi kujua, maana uso umelowa tayari. Lakini alilia, na aibu ilimwaka kifuani. Viluwiluwi wakamzunguka, titi-titi-titi, wakidhani mama anaimba.

Mwisho akanyamaza. Akasema, "Machozi hayajazi kisima. Sauti ninayo. Miguu ya kurukia ninayo. Nikae nangoja nini?"

Chupu, chupu, mpaka kwa Kanga.

"Hodi!"

"Karibu, shoga," akasema Kanga, akitazama pembeni. "Umekuja kunisema?"

"Sikuja kukusema. Umekula chumvi?"

"Nimekula. Ya Tembo na ya Ngiri."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Na sasa?"

Kanga akameza mate. "Na sasa nina kiu, shoga."

"Twende basi ukanywe."

Wakaenda. Kanga akainamisha shingo anywe, mdomo ukagonga tope. Akasogea, tope. Akasogea tena, akaona kidimbwi, na ndani yake viluwiluwi wamebanana, migongo yao karibu inaonekana juu ya maji.

"Hawa ni wako?"

"Wangu. Na wako, vifaranga wako, watakunywa wapi?"

Kanga akajifuta tope mdomoni, akasema, "Nilicheka kule uwanjani, shoga. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Kesho alfajiri njoo, na makucha yako uje nayo."

Akaenda kwa Pundamilia. Hodi, karibu. Pundamilia akajibu juu juu, "Usipoteze pumzi, bibie. Mimi ni mtu wa Ngiri."

"Kaa na Ngiri wako. Sijakuomba umwache. Umekula chumvi?"

Mnaona? Popote alipokwenda alikwenda na hilo swali. Kwa Swala, umekula chumvi? Kwa Nguchiro, umekula chumvi? Wote wamekula. Wote wana kiu. Na wote, watu wa Tembo kwa watu wa Ngiri, akawapeleka wakaone tope kwa macho yao.

Alfajiri wakakutana Mikuyuni, msaragambo, kazi ya wote. Kanga anachakura, Nguchiro anafukua, Swala anabeba, Pundamilia anakanyaga udongo ushikane. Walichukua matawi mabichi ya mikuyu iliyoangushwa, yale yanayotoa utomvu bado, wakayachomeka ukingoni, maana mkuyu ni mti usiokata tamaa, ukiuchomeka unaota. Na Bi Chura juu ya jiwe jeupe anaimbisha:

"Kroo, kroo! Maji ya nani?"

"Ya-ke-tu!" akaitika Nguchiro vibaya, wakamcheka, wakaitika pamoja, "Ye-tu!"

"Kroo, kroo! Alinde nani?"

"Si-si!"

Lakini ule mkuyu mkubwa, ule wa Ngiri, ulikuwa umelala juu ya jicho la chemchemi. Wakausukuma. Haukutikisika. Wakasukuma tena, Swala akateleza, akaanguka chali.

"Huu ni wa kunyanyuliwa na Tembo," akasema Pundamilia. "Na chini yake kumejaa udongo wa kufukuliwa na pua ya Ngiri. Nao tukiwaita hawaji."

"Tukiwaita hawaji," akakubali Bi Chura. "Ila kuna kitu wanakitaka kwetu, na siku yake inakuja. Desturi inasema mlolongo uwe nyuma ya mgombea. Je, inasema uanzie wapi?"

Wakatazamana. Haikusema.

Siku ya kura ikafika. Ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi! Korongo, msimamizi wa uchaguzi, akasimama katikati ya uwanja kwa mguu mmoja. Tembo huku, Ngiri kule. Wakangoja. Nyuma ya Tembo walikuwepo ndege wawili waliozoea kukaa mgongoni kwake, na kupe. Nyuma ya Ngiri alikuwepo mkewe, naye alikuwa akichungulia njia.

"Wako wapi watu?" akauliza Korongo.

Upepo ukaleta sauti kutoka bondeni. "Kroo, kroo! Maji ya nani?" Na sauti nyingi, nyingi mno, "Ye-tu!"

Wakaifuata. Wakafika Mikuyuni, wakashangaa. Mlolongo! Umeanzia kwenye jicho la chemchemi, umepanda mlima, umepotelea upande wa pili. Wa Tembo wamo, wa Ngiri wamo, wamechanganyika. Na mbele ya wote, peke yake, juu ya jiwe jeupe, Bi Chura.

"Bi Chura si mgombea!" akapaza sauti Korongo. "Mlolongo huu hauhesabiki."

"Sigombei, mzee wangu," akasema Bi Chura. "Nimeshika nafasi tu. Waheshimiwa karibuni, nafasi yenu ni hii hapa. Anayetaka mlolongo aje asimame mbele yake, topeni."

Tembo akakunja mkonga. "Nyinyi! Nimewapa chumvi!"

"Ndiyo iliyotuleta hapa, mheshimiwa," akajibu Kanga.

Ngiri akajaribu utamu wake. "Wapendwa, nipeni kura leo, na kesho mapema..."

"Ahadi tumezinywa kampeni nzima," akasema Bi Chura, "na kiu iko pale pale. Tembo, mkuyu ule unyanyuliwe. Ngiri, jicho lile lifukuliwe. Mikuyu ya majukwaa irudi ikachomekwe. Hapo ndipo mtu atatoka kwenye mstari huu akajipange nyuma yenu. Kabla ya hapo, hatoki mtu."

Kidimbwi nyuma ya Bi Chura kilikuwa kimebaki kama kiganja. Lakini sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Jua likapanda. Mlolongo ukasimama. Tembo akapepea masikio, akakanyaga huku, akakanyaga kule. Naye alikuwa amelamba chumvi yake mwenyewe, tena vipande vikubwa. Koo likamkauka. Akaona haya kuomba, akanyoosha mkonga chini anywe kidogo tu. Sruuu! Ukaja na tope.

Bi Chura alikuwa amenyamaza. Wakati ule hapakuwa na kelele hata moja ya kumzuia tembo kunywa maji. Kilichomzuia ni kwamba maji hayakuwepo.

Tembo akautazama mkonga wake unaodondosha tope. Akautazama mlolongo. Akaenda kwenye ule mkuyu, akauzungushia mkonga, akauinua. Ng'waaa! Ngiri naye, kuona mwenzake ameanza, akajitupa chini yake, kwaru, kwaru, kwaru, akafukua kwa kasi ambayo hakuwahi kuionyesha jukwaani. Udongo ukaruka. Mlolongo ukashangilia.

Kisha, bwi! Maji. Kwanza machafu. Kisha ya rangi ya maziwa. Kisha safi. Bwi, bwi, bwi! Yakaingia kwenye kidimbwi, na viluwiluwi waliobanana wakaachana, titi-titi-titi, kila mmoja na njia yake. Bi Chura alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye jiwe.

Majukwaa yakabomolewa, miti ikarudi, ikachomekwa. Ndipo Korongo akasema, "Haya, sasa pigeni kura." Wakajipanga. Nani alishinda? Ngiri, kwa mikia michache. Tembo akanuna, akaenda zake mlimani. Jioni akarudi kunywa, kwa sababu kiu haijui kununa, na wakampisha njia.

Mnadhani imekwisha? Bado. Hapo ndipo wengi hukosea, wanarudi nyumbani wakalala.

Kesho yake asubuhi, Mkuu mpya wa Bonde alikuwa shimoni kwake, ameingia kinyumenyume kama desturi ya ngiri, anaota kamati. Akasikia, "Hodi!"

Akachungulia. Lo! Mlolongo! Umeanzia mlangoni kwake, umepita vichakani, umeteremka mpaka chemchemi. Wa mbele kabisa ni Bi Chura.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Ma... marahaba, mama. Uchaguzi si ulikwisha jana?"

"Ulikwisha. Jana tulipanga mlolongo wa kukupa kazi. Huu wa leo ni wa kukupeleka kazini. Miche ya mikuyu inataka maji, na njia ya vifaranga kushukia kisimani bado ina miiba. Tangulia, sisi tuko nyuma yako."

Ngiri akatazama mbele, akatazama nyuma. Shimo halina mlango wa pili. Akatoka, mkia umesimama wima, akatangulia. Mkiona ngiri anakimbia na mkia juu, mjue ndiyo sababu: anawaonyesha wa nyuma kwamba anakwenda.

Na mikuyu ikaota. Na wale viluwiluwi? Wakaota miguu ya nyuma, wakaota ya mbele, wakatoka majini mmoja mmoja, chupu, chupu, wakakaa juu ya jiwe jeupe. Wakafungua midomo. Na Tembo, kila akija kunywa, husimama kwanza akawasikiliza.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: maji ni ya wote, na cha wote hulindwa na wote. Kura ni mwanzo wa kazi. Ukishampa mtu uongozi usiende kulala, mfuate nyuma mpaka kisimani.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa Mikuyuni. Mwenye kiu achote, na akishachota, achomeke mkuyu.