Amina Mbili za Fundi

Palikuwa na fundi mmoja, ndugu zangu, ambaye binti yake alisoma chekechea ya kanisa. Ukuta wa darasa lile ukaingia ufa. Mchungaji akawaita mafundi watano, fundi wetu akiwamo, waamue: libomolewe, au watoto waendelee kuketi humo?

Sasa, darasa lilijengwa na marehemu mzee aliyewafundisha kazi wote watano. Nani angemkosoa mbele za watu? Basi mama mmoja, mzee wa kanisa, akawekwa chumbani. Kila fundi aingie peke yake, aseme neno lake na sababu. Mama atoke awaeleze mafundi na wazazi waliokusanyika nje, bila kutaja jina. Kisha mafundi wafikiri, waingie tena, mpaka waelewane.

Fundi wetu aliingia. Enzi za ujenzi ule, mkata nondo alikuwa yeye. "Mama, nguzo hazina nondo za kutosha," akanong'ona. "Libomolewe."

Mama akatoka. "Wanne wanasema lipigwe lipu tu. Mmoja anasema nondo ni chache, libomolewe."

"Nani huyo anamchafua marehemu?" fundi mmoja akauliza. Wengine wakaguna, wakacheka. Na fundi wetu, jamani, akacheka nao.

Kesho yake akaingia tena. Ya nini kujichongea? "Nimefikiri upya, mama. Lipigwe lipu."

Mama akatoka, uso umembadilika. "Leo wanne wanasema libomolewe. Neno la nondo limewanyima usingizi, wameurudia ufa na kuutazama vizuri. Mmoja tu ndiye anasema lipu."

Fundi wetu akarudi chumbani. Zamu ya tatu akasema libomolewe, na wote wakawa kitu kimoja.

Nguzo zilipopasuliwa, watu wakashika vichwa. Nondo zilikuwa za kutafuta. Mzazi mmoja mwenye mtoto katika darasa hilo akalia: "Aliyesema kwanza, Mungu ambariki."

"Amina," wakaitikia wote.

"Na yule aliyebaki peke yake kutaka watoto wetu warudishwe humu, Mungu na amlipe."

"Amina."

Fundi wetu, binti yake mgongoni, aliitikia zote mbili.

Ndugu zangu, jina lake lilifichwa asiwaogope watu, naye akawaogopa vilevile. Je, sisi? Mara ngapi tumesema kweli, tukaikimbia wakati wenzetu ndio kwanza wanaanza kuiamini? Leo tukiomba hapa, nawe ukaitikia Amina, jiulize ni ipi kati ya zile mbili inayokuhusu.