Gia Ndogo ya Baba Mkubwa Lutengano

"Gia ya kitini haivuti bila mkono matopeni."

Mmemsikia Mama Tulia akimtupia maneno hayo mwenyekiti wa kamati ya maji, mmeona mkutano mzima ukiguna, na sasa mmenijia jikoni kuniuliza yametoka wapi. Kuuliza si ujinga, ila kwangu hakuulizwi kwa mikono mitupu. Shikeni hivyo viazi vya mbegu mchambue, vizima huku, vilivyooza kule. Wapo watakaowaambia kwamba methali hii ni ya wahenga. Wahenga gani hao waliokuwa na gia? Mimi naijua tangu haijazaliwa. Ilizaliwa siku ya harusi ya kaka yangu Asheri, na nilikuwepo.

Baba yetu alipofariki tulilelewa na kaka yake, Baba Mkubwa Lutengano. Alitulisha, akatusomesha, hakutubagua na wanawe, Mungu amrehemu. Lakini alikuwa na kasoro moja. Katika kijiji chote cha Ilevelo ni yeye peke yake aliyekuwa na pikapu, na tangu aliponunua pikapu hiyo miguu yake ilisahau kazi. Alisimama mbele ya duka, chumvi ikamfuata dirishani. Alikwenda shambani, akawaelekeza vibarua kutoka dirishani. Mtu akimletea malalamiko alishusha kioo, na malalamiko yakizidi alikipandisha.

Asheri alikuwa fundi wa kuchomelea, na alikuwa mtu wa maswali. Jembe likivunjika, wengine walisema ni bahati mbaya. Yeye alitaka kujua lilianzia kuvunjika wapi. Alimchumbia Subilaga, binti wa Mzee Mahenge wa Ikuvala, upande wa pili wa mlima Kilolelo. Taratibu zote zilikwisha, harusi ikapangwa mwezi wa kwanza, siku ambayo mchungaji angefika Ikuvala. Mchungaji yule alikuwa na mitaa mingi ya kuhudumia, na kumpata ilikuwa kama kupata jua la Aprili huku kwetu.

Siku ikafika, tukapanda pikapu, tukaenda kuoa. Udongo mwekundu wa Kilolelo mnaujua. Ukinyeshewa huteleza kama mlenda. Pikapu ile ilikuwa inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, ya mbele kazi yake ni kukata kona. Ilipanda kidogo, ikarudi, ikapanda, ikarudi. Baba Mkubwa akageuza, tukarudi nyumbani. Mnauliza kwa nini hatukwenda kwa miguu? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Nikajibiwa kwamba ukoo hauendi kuoa kwa miguu kama wachuuzi wa mkaa.

Kule Ikuvala bibi harusi alikaa na shela lake mpaka chakula kikapoa. Mzee Mahenge akatuma neno: mchungaji atarudi Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. "Mkifika, mtamkuta binti yangu. Msipofika, nitahesabu kwamba hakuwahi kuchumbiwa." Asheri alipoambiwa hivyo hakula siku ile. Nilimwona kaka yangu akilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Kesho yake akaanza kuuliza. Gari linalovuta mbele na nyuma lina nini ambacho hili letu halina? Alitembea mpaka kwenye msitu wa misonobari, ambako mwenye mashine ya kupasulia mbao alikuwa na gari la aina hiyo lililoangukiwa na mti. Juu lilikuwa limebonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Asheri hakutazama juu. Alilala chini yake kutwa nzima akifuatisha vyuma kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye injini mpaka kwenye magurudumu. Jioni akamwendea mwenyewe, wakapatana: yeye amchomelee meza ya msumeno iliyopasuka, achukue vya chini anavyovitaka.

Alichukua ekseli nzima ya mbele pamoja na difu yake, yale meno ya katikati yanayogawia nguvu magurudumu mawili, propela ya mbele, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, na boksi la chuma linalogawa nguvu huku na huku, lenye kijiti chake kifupi ambacho sisi tulikiita gia ndogo. Vijana waliibeba ile ekseli kwenye miti miwili mabegani, na tulipopita Ilevelo wanaume walivua kofia wakidhani tumefiwa.

Baba Mkubwa alikubali pikapu yake ikatwe, kwa sharti moja. "Kata unachotaka kukata," alisema, "lakini kiti ni changu na usukani ni wangu."

Kwaresima yote Asheri alikuwa chini ya pikapu ile. Springi zilikuwa fupi, akaziinua. Propela ilikuwa ndefu, akaikata na kuichomelea. Alipoijaribu, gari lilitetemeka kama lina homa, akaikata tena na kuinyoosha kwa uzi. Kila kilichokataa alikiuliza kwa nini, na vyuma vingi vilimjibu. Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, akapasua sakafu kando ya kiti cha dereva, gia ndogo ikachomoza.

Tukaipandisha pikapu juu ya magogo, magurudumu yote manne yakining'inia. Baba Mkubwa akawasha akiwa kitini, akavuta gia ndogo. Ya nyuma yakazunguka kwa kasi. Na ya mbele nayo yakazunguka! Watu tukapiga vigelegele. Asheri peke yake alikunja uso.

"Mbona ya mbele yanazunguka kivivu?"

"Ni baridi," alisema Baba Mkubwa. "Hata mimi asubuhi huwa hivyo. Nenda ukaoge, kesho unaoa."

Watu tukacheka, na Asheri akaenda kuoga. Hatukujua kwamba gurudumu linaloning'inia hewani halina mzigo, hata grisi nzito yaweza kulizungusha. Kazi ya gurudumu hupimwa chini.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tuliondoka tukiwa tumependeza. Baba Mkubwa alikuwa kitini na viatu vilivyong'arishwa, Asheri kando yake na suti nyeusi, na huku nyuma chini ya turubai tulikuwa mimi, Shangazi Melania, wazee wawili wa kanisa na wanakwaya. Tukaanza kuupanda mlima wa Kilolelo. Katikati ya mlima pikapu ikapepesuka, ubavu wa kulia ukatumbukia mtaroni.

"Sasa ndipo mtakapoijua," alisema Baba Mkubwa, akavuta gia ndogo.

Tukasikia chuma kikinguruma chini yetu. Magurudumu ya nyuma yakachimba, gari halikusogea. Akairudisha, akaivuta tena kwa nguvu zaidi. Tope likaturukia mpaka kwenye vilemba.

"Fundi," akauliza, "hii gia yako ni pambo?"

"Naisikia inazunguka, Baba Mkubwa. Niruhusu nishuke nitazame."

"Kaa hapo! Bwana harusi hakanyagi matope, utauaibisha ukoo." Kisha akatoa kichwa dirishani. "Nyie huko nyuma, shukeni msukume!"

"Na sisi si ukoo?" akajibu Shangazi Melania.

Hakuna aliyeshuka. Kila mmoja alitazama viatu vyake, kisha akatazama vya mwenzake. Ndipo kutoka ng'ambo ikalia kengele ya kanisa la Ikuvala, kengele ya kwanza. Nikasikia mlango wa kabini ukifunguliwa.

"Asheri! Nimesema ukae!"

"Baba Mkubwa, nikikaa hapa nitabaki safi, na bila mke."

Alinirushia koti lake, akalala kifudifudi kwenye tope, akaingia chini ya gari kichwa mbele. "Kanyaga mafuta kidogo," aliomba. Baba Mkubwa akakanyaga. Ndugu zangu, sauti iliyotoka kule chini haikuwa ya mtu mwenye shida. Ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu.

"Propela ya mbele inazunguka! Nayo shafti inazunguka mpaka hapa karibu na gurudumu, halafu gurudumu lenyewe limelala! Kuna kitu kati yao hakijashikana."

Akatoka, akapangusa kitovu cha gurudumu la kushoto kwa mkono wa shati jeupe. Pale katikati palikuwa na kifuniko cha chuma ambacho siku zote alidhani ni cha kuzuia vumbi. Kilikuwa na mfuo na alama. Alikishika, akakizungusha, kikasogea, kikarudi.

"Hiki si kifuniko," alisema polepole. "Ni kitasa. Gia ndogo inaleta nguvu mpaka mlangoni, lakini mlango unafunguliwa hapa, kwa mkono, na mtu aliye chini."

"Basi fungua twende," alisema Baba Mkubwa.

"Viko viwili, hiki na cha upande wako. Kimoja kikishika na kingine kikiachia, nguvu yote itakimbilia kwenye kilichoachia. Na kutu imevila. Kila kimoja kinataka mtu akikaze asikiachie huku gari linatikiswa, mpaka meno yaumane. Mimi nina mikono ya kimoja tu."

Wazee wa kanisa walikuwa wazee kweli, na sisi wengine tulikuwa bado tunashika pindo za nguo. Lakini katika Ilevelo nzima tulijua ni nani anayeweza kupandisha gunia la viazi begani bila kusaidiwa. Asheri alisimama kwenye dirisha la kushoto, akimtazama ng'ambo ya kiti.

"Baba Mkubwa, nguvu ninayoitaka imekaa hapo."

Baba Mkubwa alipandisha kioo cha upande wake mpaka juu. Shangazi Melania akashusha pumzi, nami nikajua harusi imekwisha. Mvua ikipiga turubai. Kisha mlango wa dereva ukafunguka, kikatoka kiatu kimoja kinachong'aa, kikashuka mtaroni, mguu ukazama mpaka gotini.

"Kumbe ni baridi hivi," alisema Baba Mkubwa.

Hakuna aliyetuamuru. Shangazi Melania alifunga kitenge kiunoni akaruka, nami nikaruka, kwaya nayo ikafuata, na wazee wa kanisa wakashushwa kwa kushikwa mikono. Tuliitikisa pikapu mbele na nyuma kama watu wanaobembeleza mtoto mkubwa. Upande wa kushoto kitasa kikalia, tak! Upande wa kulia kimya. Tukatikisa tena. Baba Mkubwa alikuwa amepiga magoti mtaroni, maji yakimpita mapajani, amekikumbatia kitovu cha gurudumu. Tak!

"Kimeshika!" alipiga kelele. "Asheri, kimeshika!" Alikuwa anacheka, na sijawahi kumwona akicheka vile.

Akapanda kitini na tope lake, akavuta gia ndogo. Magurudumu ya mbele yakaparura udongo, yakang'ata, na pikapu ikajitoa mtaroni ikaelekea juu, sisi tukiikimbilia kwa nyuma tukiimba.

Tulipofika Ikuvala mchungaji alikuwa ameshafunga begi lake kwenye pikipiki. Mzee Mahenge alikuwa amesimama kwenye lango la kanisa na fimbo yake. Asheri alishuka, suruali ya suti haijulikani rangi. Baba Mkubwa naye akashuka bila kuitwa, akaenda mpaka mbele ya mzee yule, akamnyooshea mkono uliojaa tope.

Mzee Mahenge alianza kumtazama viatuni, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Mara ile," alisema, "nilimtuma mtu awatazame mlimani. Aliniletea habari kwamba mmegeuza gari, na hakuna hata mmoja aliyechafua kiatu. Hilo ndilo lililoniuma, si kukosa kufika. Nilijiuliza, watu hawa watamfanyia nini binti yangu siku ya shida?"

Akaushika mkono wa Baba Mkubwa, na tope lake lote, akaufumbata kwa mikono yake miwili. "Mchungaji," aliita bila kugeuka, "fungua begi."

Walioana hivyo hivyo. Subilaga alipopewa mkono wa mumewe alitazama glavu yake nyeupe ikigeuka nyekundu, akaangua kicheko katikati ya ibada, na mchungaji akasubiri amalize.

Wakati wa nasaha ulipofika, Baba Mkubwa alisimama. Udongo ulikuwa umemkaukia mpaka kiunoni. Alimwita Asheri na mkewe wasogee.

"Mwanangu," alisema, "kuanzia kesho utakuwa na kiti chako nyumbani. Utaketi, utaagiza, utasikilizwa. Ni haki yako, nami sikunyang'anyi. Lakini mimi nimeketi miaka mingi, na leo nimevuta gia mpaka bega likaniuma, gari halikusogea hata shubiri. Nilidhani wewe umenidanganya. Kumbe nguvu ilikuwapo, ilikuwa inamsubiri mtu ashuke." Akainua mikono yake tuione, kucha zimejaa udongo wa Kilolelo. "Mkeo akikwama, usimpigie honi. Shuka. Gia ya kitini haivuti bila mkono matopeni."