Bi Nguchiro na Sheria ya Mapaja

Ngano inabisha hodi!
"Karibu, ngano!"
Imekuja na wanawe!
"Iingie nao!"
Wanalia!
"Na walie, tunasikia!"

Basi sogeeni. Aliondokea Bi Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, mkia kama ufagio wa chelewa, lakini meno yake hata swila aliyaheshimu. Kazi yake ilikuwa kulinda ghala la mtama la wanyama wote. Panya huingia ghalani kufuata mtama, nyoka huingia kufuata panya, na Bi Nguchiro huingia kufuata nyoka. Kila asubuhi hutangulia yeye ndani, kacha kacha kacha, puu! Anatoka na nyoka mdomoni, anamtupa pembeni, anasema, "Shwari. Piteni." Ndipo wengine wanapita, wakubwa kwa wadogo, na pembe zao.

Kazi hiyo aliifanya akiwa kigori. Akaolewa, akaifanya. Akapata mimba, akaifanya, tumbo likiburura chini. Akazaa watoto watatu, akaifanya, mmoja mgongoni, wawili kapuni chini ya ngazi ya ghala. Akitoka ndani ananyonyesha, akimaliza kunyonyesha anarudi ndani. Hakuna nyoka aliyewahi kulalamika kwamba ameuawa na mama mwenye watoto wachanga.

Aliyelalamika alikuwa Bwana Kiboko, Mwenyekiti wa Ghala.

Mwenyekiti huyu alikuwa na kazi moja: siku ya mgao, kusimama, kufungua mlango na kugawa. Alijigawia kwanza. Nyam nyam, gubu! Akajigawia tena, ili ahakikishe mtama ni salama. Nyam nyam, gubu! Lakini tumbo likawa bado lina nafasi, na jicho likaangukia fungu la mlinzi.

Asubuhi moja Hondohondo, mpiga mbiu wa serikali, akatua juu ya paa la ghala.

"Kwe! Kwe! Tangazo kwa umma! Anayepakata mtoto asishike kazi ya umma. Asiye na kazi ya umma hana fungu. Imeamriwa. Kwe!"

Bi Nguchiro alikuwa ndio kwanza anafuta damu ya nyoka kwenye masharubu. Akaenda hadi kwenye kiti cha Bwana Kiboko.

"Bwana Mkubwa, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Tunakuonea huruma tu. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Nani ameumwa na nyoka kwa uchovu wangu?"

"Unaona? Hata maneno yanakutoka vibaya. Kapumzike, lea wanao."

"Na baba yao je, anayelinda kisima? Watoto ni hawa hawa."

Bwana Kiboko akapepesa vile vimasikio vyake. "Baba yao ni mfanyakazi."

"Na fungu langu?"

"Nitakuwekea."

"Wapi?"

"Mahali salama." Nyam nyam, gubu! Akaliweka.

Bi Nguchiro alirudi nyumbani na hasira yake. Watoto wakanyonya, wakavuta, wakalia, kwa maana mama asiyekula maziwa yake hukauka. Mumewe akasema, "Mama watoto, ungenyamaza tu. Wakubwa hawajibiwi hivyo. Kwani leo tunakula nini?" Bi Nguchiro akamtazama. Alimtazama mpaka mwanamume akakumbuka kwamba maji hayajatekwa.

Huko ghalani, ulinzi akapewa Ngiri, shemeji wa Mwenyekiti. Ngiri akaingia mara moja. Akatoka kinyumenyume, mkia wima kama mlingoti, akapendekeza iundwe kamati. Tangu hapo swila akahamia ndani, akajikunja juu ya mtama, na hakuna aliyethubutu kusogea. Nyumbani kwa Bi Nguchiro mtoto mdogo akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mila. Mtoto akifika umri wa kupewa jina, mkubwa wa mahali humpakata mbele ya watu na kumtamkia jina, na wazazi humlisha mkubwa huyo chungu cha uji. Na mtoto akisinzia mapajani siku hiyo, haondolewi wala haamshwi, mpaka aamke mwenyewe. Anayemwamsha amejitangaza mchawi, na mchawi hufukuzwa asikanyage tena bwawa la nchi.

Bi Nguchiro akawaendea Mama Kanga na Mama Swala. Hakuwaeleza mengi. Nao walikuwa na wachanga, nao walisikia tangazo. Wakachanga mtama wao wa mwisho, wakapika. Siku ya mgao ilipofika, wanyama wote wamekusanyika, Bi Nguchiro akawanyonyesha wanawe tone la mwisho alilokuwa nalo, akajipanga mbele ya kiti, akapiga goti.

"Bwana Mkubwa, nimekuletea mtoto umpe jina."

Pua ya Bwana Kiboko ikafunguka. "Uji upo?"

"Upo."

"Na hao wengine wawili? Nao wana vyungu vyao?"

"Kila mmoja na chake, Bwana Mkubwa. Ila niliona nisikuchoshe, niwalete mmoja mmoja."

"Kunichosha? Mimi? Leta wote! Na vyungu vyote!"

Akawapakata wote watatu. Akabugia uji, gubu! gubu! gubu! Akatamka majina pasipo kuumiza kichwa: "Huyu Kiboko. Huyu Kiboko Mdogo. Huyu naye... Kiboko wa Mwisho." Tumbo lile lilikuwa pana, lina joto, linapanda na kushuka. Watoto wakapiga miayo. Wakalala fo fo fo.

"Haya," akasema Mwenyekiti, "tufungue ghala."

"Ngoja kidogo," akasema Bi Nguchiro, na sauti yake haikuwa tena ya kupiga goti. "Hondohondo, tukumbushe tangazo."

Hondohondo alikuwa mtumishi mwaminifu, hakuwahi kufikiria jambo alilolitangaza. "Kwe! Anayepakata mtoto asishike kazi ya umma. Asiye na kazi ya umma hana fungu. Imeamriwa. Kwe!"

Watu wote wakayatazama mapaja ya Mwenyekiti.

"Hii ni kwa muda tu!" akanguruma Bwana Kiboko.

"Shhh!" wakasema kina mama wote. "Utamwamsha mtoto."

Akashusha sauti. "Basi sheria naifuta."

"Kwe! Kufuta sheria ni kazi ya umma. Bwana Mkubwa amepakata."

"Jamani! Kupakata mtoto kunazuia nini? Naweza kupakata na naweza kufanya kazi, vyote viwili!"

Bi Nguchiro akasogea mpaka masharubu yake yakagusa pua ya Bwana Kiboko.

"Rudia."

"Naweza... vyote viwili."

"Hata mimi niliweza. Ulinisikia nikisema, ukala fungu langu, wanangu wakalala njaa. Ukaniita mchovu." Kisha akageuka, akainua mikono yake mitupu. "Mimi leo sijapakata mtu. Nani mwingine yuko tayari kuingia ghalani? Bwana Ngiri?"

Ngiri akaonekana anachunguza kwato zake.

Bi Nguchiro akaingia peke yake. Kacha kacha. Kacha kacha kacha. Kimya kirefu. Puu! Akatoka akimburura swila mrefu kuliko ukoo wake mzima. "Shwari. Piteni." Akagawa mtama yeye mwenyewe. Akachukua fungu la mlinzi, na fungu la Mwenyekiti juu yake, kwa kuwa asiye na kazi hana fungu.

Mtoto mmoja mapajani akajinyoosha, akamkojolea Bwana Kiboko, akaendelea kulala. Watu wakampongeza Mwenyekiti, maana ni baraka.

Ndipo Mama Kanga akaja, nyuma yake vifaranga. "Bwana Mkubwa, nafasi ipo? Nina shamba la kupalilia." Akawapanga. Mama Swala akaja na mwanawe, amekwisha kusinzia. Na wengine. Kila mama akaweka wake, akaenda zake kazini, na walipoamka wote Bwana Kiboko akakimbilia bwawani, na hadi leo hukaa tuli majini, pua tu nje, akiogopa hata kupiga chafya, asije akaonekana na kupakatishwa tena.

Na funzo la ngano hii ni hili: mama mwenye watoto wadogo atulie nyumbani, asichanganye malezi na kazi, na awatii wakubwa. Awatii neno kwa neno, asiruke hata moja.

Ngano naitua hapa. Nimeibeba vya kutosha, nipokeeni!
"Tumeipokea!"