Mgeni wa Twiga Katika Mji wa Kwatoni

Hapo zamani za kale, Pimbi alipokuwa na kibanda chake cha mawe na Twiga ana nyumba isiyo na dari, wawili hao walikuwa marafiki, chanda na pete. Msicheke! Najua mnawaza nini. Mmoja alikuwa mfupi, hata akisimama wima haonekani nyuma ya sufuria. Mwingine alikuwa mrefu, mvua humnyeshea yeye kwanza. Lakini walipendana hivyo hivyo.

Sasa Pimbi alikuwa na hamu moja iliyomkosesha raha: kuuona mji wa Kwatoni. Kwatoni ulikuwa mji wa nyati, nchi ya ng'ambo, mwendo wa asubuhi nzima na mto katikati. Kila aliyetoka huko alirudi na sifa. Ooh, mnara wake! Ooh, soko lake la chumvi!

"Mwenzangu," Pimbi akamwambia Twiga siku moja, "nitakufa sijaiona Kwatoni."

"Utakufaje na wewe huumwi?"

"Nitakufa kwa hamu. Miguu yangu hii ndiyo hii unayoiona. Na mto je? Nitauvuka na nini?"

Twiga akatafuna jani. Twiga hafikirii haraka, maana wazo lake lina safari ndefu kupanda shingo ile. Mwishowe akasema, "Jumamosi twende. Tulale, Jumapili tutembee, Jumatatu asubuhi turudi. Panda kichwani."

"Mimi? Kichwani kwako?"

"Unataka nikubebe mkiani?"

Basi Jumamosi alfajiri wakaondoka, tifu, tifu, tifu, Pimbi kashikilia vipembe vya Twiga kwa mikono miwili. Mto wakauvuka, chubwi, chubwi, na Pimbi hakulowa hata ukucha. Jua lilipokuwa linakaribia utosini, wakafika kwenye lango la Kwatoni.

Langoni alisimama Afande Kifaru. Mwili kama ghala, macho kama kunde, haoni mbali, lakini sheria alizijua zote kwa moyo.

"Simameni! Wageni?"

"Wageni, afande. Shikamoo," akasema Twiga.

"Marahaba. Sikilizeni vizuri. Mgeni siku mbili. Ya tatu, jembe! Mmesikia?"

Pimbi akacheka mpaka akakohoa. "Hata kwetu tunasema hivyo hivyo, afande!"

"Mnasema tu?"

"Tunasema tu."

Kifaru akamwangalia kwa vile vijicho vyake. "Mh. Haya, piteni."

Hapo ndipo walipokosea, jamani. Kwao maneno yale ni utani wa kumwambia shangazi aliyekuja kwa siku moja akakaa mwezi. Kila mtu huyasema, na hakuna aliyewahi kupewa jembe kweli. Kumbe kule Kwatoni ilikuwa ni sheria, na majirani wote wa nchi zile waliijua, wakawa wanaondoka mapema. Wetu hawa wawili hawakujua.

Walifurahi, lo, walifurahi! Barabara zilijaa nyati, na chini kule Pimbi angeona makalio matupu. Lakini juu ya kichwa cha Twiga aliona kila kitu. Aliona mnara uliojengwa kwa pembe za wahenga. Aliona soko la chumvi, mabonge meupe kwa mekundu, wanunuzi wanalamba kwanza ndipo wanauliza bei. Aliona vinyozi, ndege wadogo wenye midomo myekundu, wanawachambua nyati kupe huku wanapiga umbea.

"Geuka kushoto!" Pimbi anapiga kelele. "Lo! Simama! Rudi kidogo! Kulia!"

Na Twiga anageuka, anasimama, anarudi. Shingo ilimuuma, lakini hakusema.

Walifikia kwa Bi Nyati, mama mmoja mkarimu mwenye uji wa mtama usio na mfano. Nyumba yake ilikuwa fupi, ikabidi Twiga alale na shingo nje ya dirisha. Asubuhi akaamka na kanga tatu mbichi shingoni. Majirani walidhani ni kamba ya kuanikia! Na Twiga, kwa adabu zake, hakutikisika mpaka kanga zikakauka.

"Wewe!" Pimbi akamwambia. "Tumekuja kutembea au kukausha nguo?"

"Ni za watu, mwenzangu. Zikianguka zitachafuka."

Jumapili alasiri, Twiga akiwa amepumzika, Pimbi akapita mtaa wa wahunzi. Kong'! Kong'! Kong'! Akamkuta mhunzi anachonga mpini wa jembe. Mpini ule ulianzia ndani ya kibanda, ukatoka mlangoni, ukavuka njia.

"Babu," Pimbi akauliza, "jembe la nani hilo?"

"La yule rafiki yako mwenye shingo. Nimempima kwa macho."

"Twiga? La nini?"

"Mbona unauliza kama mtoto? Mliingia jana. Jua likizama leo siku mbili zimekwisha, ya tatu inaingia. Atalima shamba la Liwali."

"Mpaka lini?"

Mhunzi akaacha kuchonga. "Jembe halina lini, mwanangu. Na wewe lako lile pale, dogo."

Mama yangu! Pimbi alitoka mbio, vumbi nyuma. "Twiga! Twiga! Tuondoke! Sasa hivi!"

"Kuna nini?"

Akamweleza. Twiga akashtuka, akasimama, halafu akasema, "Basi ngoja niage."

"Uage? Jua lile pale!"

"Tumelala kwa watu, tumekula kwa watu. Nitaondokaje kama mwizi? Hukumbuki yule mzee aliyetuonyesha njia ya mnarani? Na yule wa chumvi aliyetulambisha bure?"

"Asante tutazituma!"

"Asante haitumwi, Pimbi. Hupelekwa."

Akaenda kuaga, jamani. Nyumba ya kwanza, asante. Ya pili, asante sana, Mungu awabariki. Ya tatu, wakamuuliza habari za nyumbani. Kwa Bi Nyati akakuta uji umeshapakuliwa. "Uondoke na njaa, mwanangu? Kaa." Naye akakaa! Uji wenyewe wa moto, anaupuliza, fuu, fuu, na Pimbi yuko chini anamvuta mguu huku machozi yanamlengalenga.

Walipolikaribia lango, jua lilikuwa limebaki ukucha. Wakakimbia. Ngoma ikalia: ndu! ndu! ndu! Kifaru akaanza kusukuma lango.

"Pita!" Twiga akapaza sauti. "Wewe pita, usinisubiri!"

Pimbi akajirusha, akapita katikati ya miguu ya Kifaru, akatokea nje. Puu! Lango likafungwa, Twiga akabaki ndani.

Usiku ule Pimbi alilia. Alikaa kwenye jiwe nje ya ukuta akajisema mwenyewe. "Mimi ndiye niliyetaka safari hii. Yeye Kwatoni hakuitamani, alitaka mimi nifurahi. Siku mbili nimekaa kichwani kwake nikimwambia geuka, simama. Ameaga mji mzima na kuushukuru. Mimi je, yeye nimemwambia asante mara ngapi?" Akahesabu. Hata moja.

Kulipokucha akaona juu ya ukuta kichwa cha Twiga kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka. Analima! Twiga kunywa maji tu humbidi atanue miguu ya mbele mpaka unamwonea huruma. Sembuse kulima! Pimbi akaona, akaingiwa na uchungu, na nyuma ya uchungu akili zikamjia. Akajifuta uso, akaenda langoni.

Ngo! Ngo! Ngo! "Hodi!"

"Nani?" Kifaru akafungua. "Ebo! Wewe si ulikuwa mgeni hapa jana?"

"Nilikuwa. Nikatoka kwa wakati, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi leo nimekuja upya. Mimi ni mgeni wa Bwana Twiga, mwenyeji wa Kwatoni."

Kifaru akakuna pembe. Hilo halikuwa kwenye sheria zake. Akampeleka kwa Liwali, nyati mzee mwenye tumbo na kilemba, aliyekuwa amekaa barazani na wakubwa wote wa mji.

"Twiga ana jembe letu?" Liwali akauliza.

"Analo, bwana."

"Basi si mgeni tena. Ni mwenyeji, na mwenyeji ana haki ya kupokea mgeni. Mwache aingie." Akamwinamia Kifaru sikioni, lakini sauti ya nyati haijui kunong'ona. "Akikawia siku ya tatu, lile jembe dogo lipo."

Barazani wakacheka, ha ha haa! Pimbi naye akacheka nao.

Akamkuta Twiga shambani, mgongo umekakamaa. Twiga alipomwona akataka kufurahi, akashindwa. "Umerudi kufanya nini? Watakukamata!"

"Nimekuja kukutembelea. Nipe nile."

Twiga hakuwa na kitu ila punje za mtama wa kuchemsha. Akampa zote. Pimbi akala. Alipomaliza akamwambia polepole, "Chukua jembe lako, ndilo uenyeji wako, unifuate. Lolote nitakalosema, wewe tembea tu."

Wakarudi barazani. Pimbi akapiga goti. "Bwana Liwali, mwenyeji wangu amenikirimu, nimeshiba. Sasa naaga. Ila nina swali moja, mtanisamehe, mimi mtu wa mawe sijui ya mjini. Huku kwenu mgeni husindikizwa, au hujiendea tu kama mbwa koko?"

"Nini?" Liwali akasimama, kilemba kikapepesuka. "Unatuonaje sisi? Mgeni asiposindikizwa ni aibu ya mji mzima!"

"Samahani, bwana. Na husindikizwa mpaka wapi?"

"Mpaka mgeni mwenyewe aseme 'Basi, rudi.' Kabla ya hapo, mwenyeji anayegeuka nyuma hana adabu! Ndiyo sheria yetu tangu babu na babu!"

"Ndiyo sheria!" wakaitikia wakubwa wote.

"Nashukuru. Haya, Bwana Twiga, nisindikize."

Hapo Liwali akawa kama aliyemeza mfupa. Lakini ameshasema, na watu wamesikia. Akamwita Kifaru. "Nenda nao. Pimbi akisema tu 'rudi', mrudishe Twiga hapa."

Wakatoka langoni watatu: Pimbi mbele, Twiga na jembe lake begani, Kifaru nyuma, gdu, gdu, gdu. Wakaupita mtaro wa mji.

"Sema basi," Kifaru akasema.

"Aa, afande! Hapa ni mlangoni. Mtu husindikizwa mpaka mlangoni?"

Wakafika kwenye michongoma. "Na hapa?"

"Hapa kuna miiba. Mgeni haachwi penye miiba."

Jua likapanda. Kifaru ana ngozi nene, watoto, na chini ya ngozi ile alikuwa anachemka kama maharage. Hhh! Hhh! Hhh!

"Na hapa?"

"Hapa ni kilimani. Mgeni haachwi kilimani."

"Na hapa?"

"Hapa tunashuka. Nikianguka utamwambia nini Liwali?"

Wakafika mtoni. Pimbi akapanda kichwani kwa Twiga, chubwi, chubwi, wakavuka. Kifaru akabaki ukingoni anatetemeka kwa hasira. Arudi mikono mitupu? Liwali atamla. Amkamate Twiga kabla ya neno? Sheria atakuwa ameivunja yeye. Akajitumbukiza, chubwiii!

Wakatembea mpaka kwenye kibanda cha mawe. Mama yake Pimbi akatoka na vigelegele, na mapimbi wote wakatoka nyuma yake, waliyeyee! Kifaru akaanguka kivulini, ulimi nje.

"Haya umefika!" akahema. "Huna pa kwenda tena! Sema neno!"

"Kweli, afande. Nimefika kwetu salama, mimi na Twiga, maana nyumba yake ni ile pale. Aliyebaki kutusindikiza ni nani?"

Kifaru akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Akamwona Mama Pimbi anamtolea kata ya maji.

"Mimi?"

"Wewe. Na umetusindikiza vizuri, sijapata kuona. Kunywa maji, pumzika. Asante sana, afande. Basi, rudi."

Neno likasemwa, likamwangukia yeye, si Twiga. Angefanya nini? Nchi si yake, pale hakuwa afande wa mtu, na sheria ilimwambia arudi. Akanywa maji, akainuka, akageuka, gdu, gdu, gdu.

"Afande!" Twiga akamwita. Kifaru akasimama, pengine kuna matumaini! "Mwambie Bi Nyati, uji wake ulikuwa mtamu!"

Mapimbi wakacheka mpaka wakabiringika. Twiga mwenyewe hakucheka, alimaanisha kweli.

Pimbi akapanda tena, mguu, bega, shingo ndefu ile, mpaka akafika sikioni.

"Twiga."

"Naam."

"Asante kwa mto. Asante kwa mnara na kwa soko. Asante kwa kuniambia nipite. Nisamehe nimechelewa kusema."

Twiga akatafuna jani, mnajua tena safari ya mawazo yake. Kisha akasema, "Unataka kuona nini kingine?"

"Leo? Nataka kukuona wewe umelala, na shingo yako haina kanga za watu."

Basi watoto wangu, funzo lake ndilo hili: aliyekutendea wema, usimwache nyuma.