Neno Moja la Bibi Ruzuna

Katika zama zilizokwisha kupita aliondokea sultani, jina lake Mundhiri bin Azani, akiutawala mji wa Kaharabu, mji wa kuta nyeupe na masoko saba, na majirani wakimhofu na raia wakimpenda. Naye Mola alimjaalia binti mmoja tu, Bibi Ruzuna, na hakuwa na mwingine.

Ikawa mama yake Ruzuna amefariki, na binti akalia siku arubaini, na siku ya arubaini na moja ulimi wake ukafungika, asiweze kutamka ila neno moja. Akiulizwa atakula nini, husema, "Kaa." Akiulizwa maumivu yako wapi, husema, "Kaa."

Wavuvi wakaleta kaa wa kila rangi, na wahunzi wakaleta makaa ya moto katika vyetezo vya fedha, na fundi cherehani akaapa kwamba ni nguo za msiba ndizo zisizomkaa vema, akamshonea joho jipya. Wajakazi wakaamriwa wakae naye kwa zamu, nao wakakaa, macho yao mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenzake aje ampokee. Na Sultani mwenyewe alituma zawadi kila asubuhi, lakini mguu wake haukuvuka kizingiti cha chumba kile. Binti akageuza uso ukutani.

Ndipo waziri aliposema, "Maulana, katika mtaa wa wauza karatasi yuko mnakili wa vitabu, Sarahani bin Mfaume, anayekusanya maneno na maana zake kama wengine wakusanyavyo johari. Aitwe."

Sarahani akaletwa, na Sultani akamwambia, "Ukilifumbua neno la binti yangu, omba utakalo. Usipolifumbua kabla mwezi haujaandama, utatoka mji huu, na lango halitafunguliwa kwako tena."

"Nimesikia na nimetii," akajibu Sarahani.

Sarahani huyu alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, na jamaa zake wote walichukuliwa na ndui angali mdogo, naye aliishi peke yake katika nyumba iliyojaa vitabu. Marehemu baba yake alimwachia pete ya akiki, na ndani yake alifungwa jini aitwaye Tarmushi, aliyewajibika kwa huduma tatu, na zikiisha yu huru. Na ajabu ni hii, kwamba kwa miaka tisa, tangu alipoigundua siri ya pete, Sarahani hakuagiza hata huduma moja. Kila alasiri aliisugua pete, na jini akatokea, na Sarahani akamtilia kahawa.

"Agiza, bwana wangu," husema jini.

"Bado," hujibu Sarahani. "Kwanza niambie, watu wa kale waliuitaje upepo unaokuja kabla ya mvua?"

Na wakazungumza hadi magharibi, kwa kuwa katika mji mzima Sarahani hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Lakini alipomwona Bibi Ruzuna, alivyodhoofika na alivyokodoa macho, moyo wake ulimsikitikia, na hofu ya kufukuzwa nayo ilimkaba, basi akarudi nyumbani akafungua kitabu chake cha maneno, akaisugua pete, akaagiza. Jini akaleta kaa wa lulu aliyetembea juu ya zulia akiimba kwa sauti ya zumari. Binti akamtazama, akasema, "Kaa," na machozi yakamtoka. Sarahani akaagiza tena, na jini akaleta kaa la moto kutoka Jabali Kafu, mlima wa majini, lisilozimika wala kuunguza, na chumba kizima kikang'aa kama alfajiri. Binti akafumba macho. Mara ya tatu Sarahani akasema, "Huenda kukaa ni kuishi, naye ataka makao mengine," na kufumba na kufumbua likasimama bustanini kasri la bilauri lenye madirisha elfu. Na binti hakuinua hata kichwa.

Siku ile jini alitokea pasipo kuitwa.

"Bwana wangu," akasema, "huduma zimetimia, na kifungo changu kimekatika. Nimekuja kukuaga."

Sarahani, aliyejua maneno mengi kuliko mtu yeyote wa Kaharabu, alitafuta neno la kuagana na rafiki, asilione. Akafungua kinywa, na likatoka hili moja: "Kaa."

"Nikae kwa amri ya nani? Pete haina nguvu tena."

"Si amri, Tarmushi."

Jini akasema, "Miaka tisa umeniita, na hukunituma. Hakuna bwana aliyenitendea hivyo. Lakini nina mama nyuma ya bahari saba, naye amezeeka akinisubiri." Akamwekea mkono kichwani, na mkono ule ulikuwa na joto, na mara haukuwapo.

Sarahani akabaki na vikombe viwili. Na sauti yake mwenyewe ikamrudia masikioni, naye akatambua alikwisha kuisikia pengine: ilikuwa sauti ya Bibi Ruzuna.

Kulipokucha akasimama mbele ya Sultani, mikono mitupu.

"Maulana, neno lile si fumbo. Twalijua sote tangu utoto. Ila halikusemwa kwangu, wala kwa wajakazi."

"Kwa nani basi?"

"Tangu siku ya mazishi, maulana umeingia chumbani kwa mwanao mara ngapi?"

Waziri akainamisha uso, na mkono wa Sultani ukaenda kwenye mpini wa jambia. "Nimempa kila kitu!" akasema.

"Naam, maulana. Na kila kitu kililetwa na mtu aliyeondoka."

Mkono wa Sultani ukalegea. "Ana uso wa mama yake," akasema polepole. "Nikimtazama sina nguvu ya kusimama."

"Basi usisimame, maulana."

Sultani akainuka, akavua kilemba, akaingia chumbani, akaketi juu ya mkeka kando ya kitanda. Binti akasema, "Kaa."

"Nimekaa, mwanangu."

Binti akangoja aone baba yake atainuka saa ngapi. Adhuhuri ikaja, na wajumbe wa miji ya mbali wakaja, na chakula kikaja kikapoa, na Sultani hakuinuka ila kwa sala. Siku ya tatu Bibi Ruzuna akageuka kutoka ukutani, akamtazama sana, akasema, "Baba, umekonda." Na Sultani akalia kilio alichokizuia tangu siku ya mazishi, na binti akamshika mkono.

Baadaye Bibi Ruzuna akamwita Sarahani. "Nani aliyekufundisha neno langu?"

"Rafiki aliyeondoka, Bibi."

"Na wewe, hukaa na nani?"

Sarahani alikuwa ameandika kurasa nne juu ya neno lile, lakini sasa alimwonyesha tu pete tupu kidoleni.

Sultani akawaoza kwa ridhaa yao wote wawili, kwa harusi ya siku saba, na akampa Sarahani mashamba na hazina na kasri la bilauri, nao wakaishi katika neema. Lakini ziko siku Sarahani alikuwa kimya tangu kulipokucha, na mkewe hakumwuliza sababu, akaleta ushonaji wake akaketi karibu naye.

Ndivyo yalivyokuwa huko Kaharabu. Nanyi mnaosikia, mkifika kwa mwenye huzuni, msiharakishe kumuuliza ataka nini, wala msimpelekee mtu mwingine kwa niaba yenu. Ingieni wenyewe, mvue viatu.