Mkungu wa Marehemu Shomari

Hapo zamani, si zamani za majini bali za magari, palikuwa na mji ambao uwanja wake wa soko ulisakafiwa kwa matofali, ukingo hadi ukingo. Jua likipiga, hata paka hapiti.

Shomari, mlinzi wa magari pale uwanjani, alikuwa amepanda mti wa mkungu katikati ya maegesho. Fundi Hemedi, mtu wa kupenda kazi safi, akaubana kwa matofali hadi shingoni. Haukupita muda, Mungu akamchukua Shomari. Akaacha wake wawili, Mwanahawa mkubwa na Tunu mdogo. Eda ilipoisha, wote wawili wakarudi kuuza vitumbua juani.

Ndipo halmashauri ikatoa mwongozo: kila mti wa uwanjani uachiwe udongo wazi, uwekewe ukingo, magari yasiuguse. Na atakayeuokoa mti hadi utoe kivuli, ndiye atakayeweka meza chini yake.

Asubuhi Tunu alimwagia mkungu maji. Jioni Tunu alimwagia maji. Maji yakateleza juu ya matofali, yakaishia mtaroni. Majani yakanyauka, Tunu akazidi kumwagia.

"Huyu ndiye mke!" watu wakasema. "Anamtunza mumewe hata kaburini."

Neno hilo likamchoma Mwanahawa. Uji wa mwisho wa Shomari aliupika yeye. Macho ya Shomari aliyafumba yeye. Nani alimsifu? Hata akiswali, jina la Tunu lilimwingilia katikati ya Fatiha.

"Dada, nisaidie ndoo moja tu," Tunu akamwomba.

"Chota mwenyewe, mke wa mti."

Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini na uwanja mtupu, Mwanahawa akaja na mtaimbo. Aung'oe mkungu, wakose wote. Akang'oa tofali, akang'oa la pili, akang'oa mpaka udongo ukaonekana pande zote. Alipoinua mtaimbo aipige mizizi, watu wakaanza kutoka msikitini. Akauficha chini ya buibui, akaenda zake.

Jioni Tunu alimwagia maji. Safari hii ardhi ikayanywa.

Mwanahawa akangoja mti ufe. Mti ukachipua.

Hemedi alipoliona lile shimo aliona haya, akalizungushia mawe. Siku moja lori la vitunguu likarudi nyuma ovyo, gurudumu likagota kwenye mawe, mkungu ukapona.

Kivuli kilipotanda, mwenyekiti wa soko akawaita wenye madai.

"Bila maji yangu mngepata kuni," akasema Tunu.

"Bila mawe yangu lori lingeusaga," akasema Hemedi.

"Wewe uliyeunyonga?" Tunu akamcheka.

Mwanahawa akasogea mbele. Angeweza kusema aliuhurumia mti, na nani angejua? Lakini alimwogopa Mungu.

"Matofali niliyang'oa mimi," akasema. "Nilikuja kuua, sikuja kuokoa. Lakini Tunu alikuwa akiunywesha mtaro, na Hemedi asingejenga ukingo pasipo shimo. Mwongozo umetaka udongo wazi. Haukuuliza moyo wa mtu."

Tunu akashika mdomo. "Dada! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Na Shomari alikuwa mume wangu kabla hajawa wako."

Mwenyekiti akamtazama huyu, akamtazama yule, akainamisha kichwa. Hadi leo hajakiinua.

Basi, waja wa Mungu, kivuli ni kimoja, meza ni moja, na vitumbua vinapoa. Ingekuwa ninyi, mngempa nani?