Mkwe wa Bi Mapana

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, nisipaze sauti.

Hapo zamani za kale, kabla ndege hawajakuwepo, hewa ya kinamasi ilikuwa nzito, yenye nguvu. Wadudu huvuta hewa kwa matundu ya ubavuni, na kwa hewa ile walinawiri wakawa majitu. Jongoo alikuwa mrefu kama mtumbwi. Kereng'ende mmoja, Bi Mapana, alikuwa na mabawa makubwa kama ya mwewe, akiringa nayo kutwa.

Binti yake, Sikitu, alikuwa mwembamba, jambo lililomkera mama. Siku moja Kijoyo, kereng'ende mdogo kama kidole, akaja kumposa. Bi Mapana akamtazama, akatazama pembeni, akamtazama tena.

"Mwenye kuposa yuko wapi?" akauliza. "Mimi naona mbu."

Kijoyo akaenda zake, Sikitu akimsindikiza kwa macho.

Misitu ikaanza kukauka, hewa ikapungua nguvu. Bi Mapana akiruka, anahema; akasingizia chakula. Kijoyo akarudi, akafukuzwa. Hewa ikapungua tena. Bi Mapana akiruka, anahema, akasingizia uzee. Kijoyo akarudi, akafukuzwa. Hewa ikapungua tena. Bi Mapana akiruka, anahema. Akasingizia joto, kisha akamwoza binti yake kwa Dumila, jitu la kifua kipana.

Siku ya harusi, katikati ya vigelegele, Chura Mkubwa mwenye meno akachomoza majini. Dumila akaruka hadi tawi la kwanza, akaishiwa pumzi, akaanguka, akamezwa. Bi Mapana akapiga mabawa, akapiga mabawa, akapiga mabawa, hakunyanyuka. Akaliona koo jekundu likimjia.

Kijoyo hakualikwa, lakini alikuwepo. Akatua juu ya jicho la Chura. Chura akapiga kofi. Kijoyo hayupo, jicho limevimba. Akatua juu ya jicho la pili. Kofi tena. Chura akatumbukia majini akilia, haoni aendako.

"Mama," Kijoyo akasema kwa adabu, "nimekuja kuposa."

Bi Mapana alihema kwanza. "Mchukue, mwanangu. Na mzae wadogo."

Sikitu alikuwa ameshatangulia angani.

Wakazaa wadogo, na hao wakazaa wadogo zaidi, ndio hawa mnaowaona wakicheza juu ya mabwawa. Bi Mapana akakaa juu ya gogo, akiwasimulia majirani jinsi yeye mwenyewe alivyomchagua mkwe yule tangu siku ya kwanza. Majirani waliujua ukweli wote, ila pumzi ya kubishana hawakuwa nayo.

Na hadithi yangu imeishia papo hapo, juu ya gogo.